Kubuku Meza kwa Kiingereza: Sentensi Moja na Maswali Yanayoifuata

Kiingereza cha kubuku kwa simu kina sentensi moja tu ya kukariri: "I'd like to book a table for four, please." Ukitaka chumba, unatoa meza unaweka chumba: "I'd like to book a room for two nights, please." Ukipiga Marekani utasikia zaidi "I'd like to make a reservation", nawe unaweza kuitumia, ingawa hata ukibaki na "book" watakuelewa. Basi. Aliyeikariri hiyo amemaliza sehemu rahisi. Kinachowaangusha watu ni dakika mbili zinazofuata, pale mtu wa mapokezi anapoanza kuuliza kwa kasi: siku gani, saa ngapi, watu wangapi, jina nani, namba ya simu. Hapo ndipo katibu muhtasi mwenye cheti kizuri kabisa anajikuta amembukia bosi wake meza ya saa saba mchana badala ya saa moja usiku.

Tuimalize kwanza hiyo sentensi. Herufi d katika "I'd" inasikika kwa shida, lakini ndiyo iliyobeba adabu yote, kwa sababu ni mkato wa "I would". Ukiimeza ikabaki "I like to book a table", umesema kwamba wewe hupenda kubuku meza, yaani unaeleza mazoea yako. Wa upande wa pili atabahatisha ulichokusudia, ila tayari umeshamfanya abahatishe, na bado hamjafika kwenye tarehe. Kama ulimi hauipati hiyo d, sema maneno yote: "I would like to book a table." Hakuna atakayecheka. "I want a table" si tusi, lakini kwenye simu, ambako uso hauonekani, linasikika kama la mtu aliyekwishakasirika.

Sisi heshima yetu imo ndani ya kitenzi. Ukishasema "naomba chumba" umemaliza, hata tafadhali huihitaji. Wao wameigawa vipande viwili, "would" mwanzoni na "please" mwishoni, na kikikosekana kimoja mtu anakihisi. Kwa hiyo usiitafsiri naomba. "I am requesting for a room" imezoeleka sana maofisini kwetu, na mtu wa London ataielewa, ila itamfikia kama barua ya serikali. Ya kuepuka zaidi ni "I'd like to order a table". Imetoka kwenye oda yetu, maana kwetu mtu anaweka oda ya chakula, ya keki, hata ya chumba. Kwao anayeagiza meza kwa neno hilo anataka kuinunua aende nayo nyumbani. Na "appointment" iachie daktari, wakili na saluni.

Jambo jingine dogo ni salamu. Kwetu kuingia kwenye shida yako kabla ya kumjulia mtu hali ni utovu wa adabu, kwa hiyo wengi wetu tunaanza na "Hello, how are you, I am also fine, how is the day", na mhudumu mwenye simu mbili zinazolia anabaki kimya akisubiri. "Good morning" moja inatosha, kisha sentensi yako. Hatakuona huna adabu.

Sasa kabla hujapiga, chukua karatasi. Usitegemee kichwa, kwa sababu lugha ya kigeni kwenye simu inakula akili yote na haibakizi nafasi ya kukumbuka tarehe. Andika tarehe pamoja na jina la siku. Andika saa, na uiandike kwa hesabu ya Kiingereza tayari, si ya Kiswahili. Andika idadi ya watu, na watoto uwatenge. Andika jina kama lilivyo kwenye pasipoti. Andika namba ya simu ukianza na alama ya kujumlisha na namba ya nchi, yaani +255 au +254, na ile sifuri ya mwanzo uiondoe. Kisha panga hayo yote kwa mfuatano ambao sentensi yao inaupenda: watu, siku, saa. "I'd like to book a table for four, please, for Friday the 14th, at seven thirty." Ukiitoa hivyo kwa pumzi moja, maswali matatu yanakuwa yamejibiwa kabla hayajaulizwa, na hapo ndipo faida ya karatasi inapoonekana.

Hapo kwenye saa ndipo penye hatari kuliko pote, na siyo kwa sababu ya Kiingereza kibovu. Sisi tunahesabu kuanzia kuchomoza kwa jua, na kwa kuwa tuko karibu na Ikweta, jua linachomoza karibu na wakati uleule mwaka mzima, kwa hiyo saa moja ni saa ya kwanza ya mchana, na saa moja nyingine ni ya kwanza ya usiku. Waingereza wanaanza kuhesabu usiku wa manane na adhuhuri. Tofauti ni saa sita kamili, kila wakati, bila ubaguzi. Ukitazama saa ya ukutani, mshale mfupi unapokuwa kwenye 7, sisi tunasoma namba iliyo upande wa pili wake, 1. Kila Mswahili aliyesoma shule analijua hili. Tatizo ni kwamba kulijua hakusaidii unapobanwa. Mtu anayefikiri kwa Kiswahili akiulizwa "What time?" kwa ghafla, mdomoni linamtoka "one", kwa sababu kichwani ameshika saa moja. Akiongeza "p.m." ili aonekane makini, ameharibu zaidi, maana sasa mgahawa una uhakika kwamba anakuja mchana.

Dawa yake ni kuiandika kwa namba, kuisoma kwenye karatasi, na kuitaja pamoja na sehemu ya siku: "seven in the evening", "one in the afternoon". Ile "in the evening" ni kinga. Ukiropoka "one in the evening", mhudumu yeyote atashtuka na kukuuliza tena, kwa sababu kwao haipo. Ukisema "one" peke yake, hatakuuliza. Kwa barua pepe au WhatsApp andika saa kwa mtindo wa ndege, 19:30, na hapo hakuna wa kukosea. Uingereza pia utasikia "half seven". Hiyo ni saa saba na nusu ya kwao, 7:30, yaani saa moja na nusu yetu.

Wageni wanaopiga simu hoteli za Zanzibar au Bagamoyo nao hukutana na tatizo hilo kwa upande wa pili, pale dereva anapoambiwa afike "at two" akatokea saa mbili asubuhi, mgeni bado amelala. Lakini hilo ni lao.

Tarehe nayo ina mitego yake. "Next Friday" usiitumie kabisa. Waingereza wenyewe hawaelewani kama ni Ijumaa hii inayokuja au ile ya wiki ya pili, na wewe huna sababu ya kuingia kwenye ugomvi wao. Taja namba na mwezi. Na ukiandika, usiandike 3/4, kwa sababu Uingereza na kwetu hiyo ni Aprili tarehe 3, na Marekani ni Machi tarehe 4. Andika mwezi kwa herufi. Tarehe 13 na 30 zinakaribiana mno masikioni, "thirteen" na "thirty", na laini ikikwaruza kidogo tu hakuna anayezitofautisha. Baada ya kuitaja, itaje tena tarakimu moja moja: "thirteen, one three". Vivyo hivyo kwa 14 na 40 ukitaja watu wa harusi, 15 na 50 ukitaja bei.

Kwa chumba, hesabu yao ni ya usiku, si ya siku. Ukisema unataka chumba siku tatu, kwetu inaweza kuwa Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, na Jumapili jioni unaondoka. Kwao hizo ni "two nights". Ukisema "three days" utapewa usiku tatu na kulipia wa Jumapili ambao hutaulala, au utaulizwa mpaka uchoke. Kwa kawaida chumba kinakabidhiwa kuanzia saa nane au saa tisa mchana, na kinarudishwa kati ya saa nne asubuhi na saa sita mchana, kila hoteli na sheria yake. Taja tarehe ya kuingia na tarehe ya kutoka, kisha malizia kwa idadi ya usiku: "from Friday the 14th to Sunday the 16th, two nights." Vitu vitatu vinavyolindana. Kimoja kikikosewa, viwili vinakisaliti.

Wasafiri wa ndege za usiku wakae makini zaidi. Tuseme unampeleka mgonjwa Chennai na ndege inatua saa tisa usiku, tarehe 15 kwa tiketi. Ukibuku chumba kuanzia tarehe 15, chumba chako kitakuwa tayari mchana wa tarehe 15. Kuanzia saa tisa ile ya usiku mpaka mchana mtakaa kwenye viti vya mapokezi, wewe na mgonjwa wako. Unatakiwa kulipia usiku wa tarehe 14, ingawa tarehe 14 yenyewe wewe bado uko Dar es Salaam. Na lazima uwaambie, kwa sababu mgeni asiyetokea jioni anaweza kuhesabiwa hakuja na chumba akapewa mwingine: "We'll be arriving at three in the morning on the 15th, so please book us in from the 14th." Wazee wa pwani wana shida nyingine ya ziada hapa, kwa kuwa wengine bado wanauhesabu usiku pamoja na siku inayofuata, na ukimwambia usiku wa Ijumaa yeye anajua ni Alhamisi baada ya magharibi. Ukiwabukia wazazi, waulize tarehe ya asubuhi watakayoamkia hotelini, kisha urudi nyuma moja.

Tuchukue simu moja tuitazame kwa karibu. Unapiga mgahawa wa London kutoka Arusha. Piga wakati jikoni kumepoa, kati ya saa tisa na saa kumi na moja alasiri za kule. Kiangazi chao hiyo kwetu ni saa kumi na moja mpaka saa moja jioni. Majira yao ya baridi ongeza saa moja. Ukipiga wakati wa chakula cha usiku, utazungumza na mtu aliyeshika sahani tatu mkono mmoja.

Unatoa sentensi yako. Anajibu, "How many in your party?" Wewe hukusema una sherehe. Tulia. Hilo ni swali la watu wangapi mtakaa mezani, na jibu ni "four", au "four adults and one child". Kama ni sherehe kweli, waambie baadaye. Kisha anasema, "Could you bear with me a second?" Hapo anaangalia kompyuta. Unajibu "Sure" na kunyamaza. Usijaze ukimya huo kwa maelezo, maana hakusikii. Anarudi: "I'm afraid we're fully booked at seven thirty." Haogopi chochote. Hiyo "I'm afraid" ni samahani yao ya kutangulizia habari mbaya, na ukiisikia mwanzoni mwa sentensi jua kabisa kwamba jibu ni hapana kabla hajamaliza. Usikate simu. Waswahili wengi wanaposikia imejaa wanashukuru na kuaga, wakati mhudumu alikuwa anasubiri swali moja tu: "Do you have anything earlier or later?" Mara nyingi ipo saa kumi na mbili, au saa tatu kasoro. Na kama hakuna kabisa, kuna "Could you put us on the waiting list?"

Anakupa saa mbili na robo, kisha anaongeza kwamba meza ni ya muda wa saa mbili tu, au anasema "We'd need the table back by ten fifteen." Kwetu kumwambia mgeni saa ya kuondoka kabla hajafika ni kumfukuza. Kule ni biashara ya kawaida, kila meza inauzwa mara mbili kwa usiku, na si wewe uliyelengwa. Ukiwa na wazee wanaopenda kukaa, omba saa ya mwisho ambayo haina wa kuwafuata.

Kisha linakuja swali ambalo, kwa maoni yangu, ndilo gumu kuliko yote, na halina neno hata moja gumu ndani yake: "So you don't need a high chair for the child?" Mtoto wenu ana miaka tisa, kiti cha mtoto mchanga hahitaji. Kiswahili kinakuambia ujibu ndiyo, maana unakubaliana na alichosema: ndiyo, hatuhitaji. Ukisema "Yes", Mwingereza ameandika kwamba mnakihitaji. Wao "yes" na "no" zinafuata ukweli wa jambo lenyewe, si kukubaliana na msemaji. Hakihitajiki, basi ni "No". Ukiufikiria utaratibu huu simu ikiwa sikioni utachelewa, kwa hiyo acha kabisa kujibu kwa neno moja. Jibu kwa sentensi: "We don't need one, thank you." Hapo hata "yes" ikikuponyoka mbele, maneno ya nyuma yatairekebisha. Kwenye hoteli swali la namna hii huja kwenye mambo ya fedha, "So you won't be having breakfast with us?", na "yes" ya Kiswahili inakuwekea chai ya asubuhi ya watu wanne kwenye bili kwa siku zote mlizokaa.

Ndugu yake ni "mind". "Would you mind sitting outside?" Ukisema "Yes", umekataa. Anayekubali husema "Not at all" au "That's fine". Chukua "That's fine", ni fupi na haina kona.

Halafu jina. Watakuuliza "What name is it under?" au "Could I take a surname?" Pasipoti zetu nyingi zina jina lako, la baba na la babu, na la mwisho ndilo wanaloliita "surname". Kama kubuku ni kwa ajili ya viza, jina lifanane na pasipoti herufi kwa herufi. Kama ni chakula cha jioni tu, nashauri utoe jina lolote lako lililo fupi. Hakuna anayeomba pasipoti kwenye mlango wa mgahawa.

Watakuomba ulitaje herufi moja moja, na hapa irabu zetu zinatusaliti. Herufi tunayoiita i, wao wanaiita ai. Na sauti yetu ya i ndiyo jina la herufi yao E. Kwa hiyo Riziki akitaja jina lake kwa irabu za Kiswahili, mhudumu anaandika Rezeke, na siku ya kufika Riziki hayumo kwenye orodha. Z yenyewe ni "zed" kwa Mwingereza na "zee" kwa Mmarekani. Njia salama ni ile ya marubani, ambayo imetumika kwenye anga za dunia tangu 1956: "R for Romeo, I for India, Z for Zulu, I for India, K for Kilo, I for India." Huhitaji kukariri zote ishirini na sita. Kariri za jina lako tu, uziandike kwenye ile karatasi. Wenye L na R zinazogombana mdomoni watapumua hapa, maana Lima na Romeo hazichanganyiki hata kidogo. Mwenye W kwenye jina atakuta neno rasmi ni Whiskey. Asiyependa kutaja pombe aseme "W for William", ataeleweka.

Kwenye namba ya simu, Mwingereza akikurudishia "double seven" anamaanisha 77, na "oh" ni sifuri. Mtajie tarakimu moja moja, taratibu, ukipumzika baada ya kila tatu.

Chumba kina msamiati wake ambao Kiingereza chetu cha Afrika Mashariki kimeupindisha. Kwetu "chumba self" ni chenye choo na bafu ndani, na kuanzia gesti za Manzese mpaka Kampala wote wanaelewa. Uingereza ukiomba chumba "self-contained" watadhani unataka sehemu yenye mlango wake na jiko lake. Sema "en suite", na Marekani "with a private bathroom". Vitanda ni fumbo jingine. Sisi tunataja futi, tano kwa sita au sita kwa sita, wao wanataja vyeo. "Double" ya Uingereza ina upana wa futi nne na nusu, pungufu kuliko unavyodhani. Tano kwa sita yetu inakaribiana na "king" ya Uingereza, na Marekani upana huo huitwa "queen". Sita kwa sita ni "super king" ya Uingereza, na kwa Marekani iliyo karibu nayo ni "king", inayozidi kidogo. Ndugu wawili wasiotaka kulala kitanda kimoja waombe "twin", si "double". Hili la mwisho lisirukwe, hasa ukiwabukia wakubwa wawili wa ofisi moja.

Kama kuna mzee au mgonjwa wa miguu, omba chumba cha chini. Uingereza chini ni "ground floor" na "first floor" ni ghorofa ya kwanza, kama kwetu. Marekani "first floor" ndiyo hiyo ya chini. Ukisema "on the ground floor, please, no stairs", umeelewana na wote. Chakula nacho kina swali lake, "Any allergies or dietary requirements?", na hapo ndipo pa kusema "We don't eat pork" au kuuliza "Is the meat halal?" Uliza kwenye simu. Ukisubiri mpaka menyu iletwe, mezani mtakuwa mnatazamana.

Mwisho wanataka kadi. "Can I take a card to secure the booking?" Hawakukati pesa papo hapo, kwa kawaida, ila wanajihakikishia kwamba usipotokea watalipwa kitu, iwe usiku mmoja wa hoteli au kiasi fulani kwa kila kichwa kwenye mgahawa. Watahitaji namba ya mbele, tarehe ya kuisha, na pengine zile tarakimu tatu za nyuma. Namba ya siri ya ATM haihitajiki kamwe kwa kubuku, na anayeiomba ni mwizi. Picha ya kadi usiitume kwa WhatsApp hata kwa hoteli ya heshima, maana picha haifutiki kwenye simu ya mtu mwingine. Omba wakutumie linki ya malipo. Wenye kadi ya benki ya kawaida wajue kwamba kiasi kinachozuiwa kinatoka kwenye salio lao halisi na kinaweza kukaa siku kadhaa kabla ya kurudi, na kwamba kadi nyingi za huku zinahitaji kufunguliwa malipo ya nje kwanza. Ipigie benki yako kabla ya kuipigia hoteli.

Papo hapo uliza mawili: "Is that including tax?", kwa kuwa Marekani bei hutajwa kabla ya kodi, na "What's your cancellation policy?" Migahawa mingi ya London huongeza asilimia 12.5 ya huduma kwenye bili, kwa hiyo ukiiona usiongeze bahashishi juu yake, na ukiona huduma ilikuwa mbovu unaruhusiwa kuomba iondolewe.

Kabla ya kuaga, usingoje yeye akurudishie. Rudia wewe, kutoka kwenye karatasi: "So that's a table for four, Friday the 14th, eight fifteen in the evening, under Riziki. Is that right?" Akisema ndivyo, omba ujumbe wa kuthibitisha: "Could you send me a confirmation, please?" Ukikufikia, soma kila mstari wa ujumbe huo, hasa a.m. na p.m. Makosa yote niliyoyataja yanaonekana hapo kwa macho, na yanarekebishika kwa simu moja ya pili inayoanza na sentensi ileile, ukibadilisha kitenzi tu: "I'd like to change my booking."

Mipango ikivunjika, ni "I'd like to cancel my booking, please", kisha jina na tarehe. Huna haja ya kueleza nani anaumwa. Ila angalia saa ya mwisho ya kufuta bila kutozwa, na uisome kwa saa ya mji wa hoteli, si ya kwako. Hoteli ya New York inayosema mwisho ni saa sita mchana, kwetu hiyo ni saa moja usiku kiangazi chao, na saa mbili usiku majira yao ya baridi. Kwa wanaofuta wakitokea London ni saa kumi na moja jioni kwa sehemu kubwa ya mwaka.